Ni Nani Hakuhesabiwa? Mhadhara Kuhusu Takwimu za Tovuti Zinazopotoka



Mwaka 2009 mhandisi mmoja wa YouTube, Chris Zacharias, aliona kwamba ukurasa wa kutazamia video umekuwa mzito kupita kiasi. Ulifikia takriban megabaiti 1.2, hapo video yenyewe bado haijaanza. Akaanza kuupunguza. Akatoa hiki, akaandika upya kile, mpaka ukashuka chini ya kilobaiti 100. Mradi huo waliuita Feather. Ukurasa mwepesi ukapelekwa kwa sehemu ya watazamaji, naye akasubiri takwimu zimwambie kazi yake imesaidia kiasi gani. Takwimu zikaja na habari ya kukatisha tamaa: kwa wastani, ukurasa mwepesi ulichukua muda mrefu zaidi kufunguka kuliko ule mzito.

Angeweza kuutupa mradi siku hiyohiyo, na hakuna bosi ambaye angemlaumu. Takwimu zile zilipogawanywa kwa maeneo ya dunia ndipo jambo likaeleweka. Watazamaji walikuwa wameongezeka ghafla kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika ya Kusini, Afrika, hata Siberia. Huko ukurasa mwepesi ulichukua zaidi ya dakika 2 kufunguka, na ule mzito ungechukua zaidi ya dakika 20. Watu hao walikuwa wakijaribu miaka yote, wakichoka, wakiondoka kabla ukurasa haujafunguka; na kwa kuwa haukufunguka, hakuna mahali walipoandikwa. Wastani wa zamani ulipendeza kwa sababu wao hawakuwemo. Walipoanza kuingia, wastani ukaharibika, na tovuti ikawa imetengenezeka.

Hoja yangu yote ya leo imo ndani ya kisa hiki. Tukisikia takwimu za tovuti hazina usahihi, wengi wetu hufikiria kosa dogo linaloongeza au kupunguza hesabu ya kila mtu kwa kiasi kilekile. Kosa la namna hiyo lingevumilika. Lakini kosa la takwimu za mtandaoni lina watu wake. Huwapata zaidi wenye simu za bei nafuu, wanaonunua bando la siku kwa siku, walio mbali na mnara, wanaolipa kwa simu kwa kuwa hawana kadi ya benki. Hesabu ikiharibika, wa kwanza kupotea ni hao. Na hapa kwetu hao ndio wateja, ndio wanafunzi, ndio wagonjwa wanaotafuta saa za kliniki.

Tutazame kwanza hesabu yenyewe inavyofanyika. Hapo mwanzo, aliyetaka kujua wageni wa tovuti yake alisoma daftari la seva. Kila kivinjari kikiomba ukurasa, seva huandika mstari mmoja: saa, anwani ya mtandao iliyoomba, ukurasa ulioombwa, aina ya kivinjari. Kulikuwa na programu za kusoma mistari hiyo na kuijumlisha, Urchin ikiwa mojawapo. Google iliinunua Urchin mwaka 2005, na kabla mwaka haujaisha ikatoa Google Analytics bila malipo. Ndipo ilipoenea kila mahali njia nyingine ya kuhesabu. Kipande cha msimbo wa JavaScript huwekwa ndani ya ukurasa. Ukurasa ukifunguka kwenye simu ya msomaji, msimbo huanza kazi, huweka kidakuzi chenye namba ya kumtambulisha, kisha hutuma taarifa kwenye seva za mtoa huduma.

Zifuateni hatua hizo moja moja. Ukurasa ufike. Msimbo ufike. Kivinjari kikubali kuuendesha. Kidakuzi kikubaliwe. Taarifa itumwe, na itoke kabla msomaji hajafunga. Ikikatika hatua moja, basi mtu yule hakuja. Msimbo huu ni mlinzi wa getini mwenye daftari: anawaandika waliopita mbele yake akiwa macho, na aliyeingilia mlango wa uani hayumo, hata kama amekaa sebuleni mchana kutwa.

Daftari la seva nalo lina upofu wake. Linawaona hata wasio na JavaScript, lakini linaandika pia roboti zinazozunguka mtandaoni mchana na usiku, na halioni ukurasa uliofunguliwa kutoka kwenye akiba iliyohifadhiwa ndani ya simu. Ndiyo maana sishauri mtu aache njia moja ashike nyingine. Nashauri awe nazo zote mbili, kwa sababu kila moja inapofuka mahali tofauti, na pengo lililopo kati yake lina habari kuliko namba zenyewe.

Chukueni Opera Mini, kivinjari kilichopendwa sana barani Afrika kwa kuwa hakili bando. Katika hali yake ya kubana kabisa, ukurasa haujengwi ndani ya simu. Hujengwa kwenye seva za Opera, hubanwa, ndipo hutumwa kwa msomaji. JavaScript huendeshwa kule kwenye seva kwa muda mfupi, kisha husimama. Kipimo kinachosubiri msomaji akae sekunde kadhaa, au ateremke hadi mwisho wa ukurasa, huenda kisiandikwe kabisa, na anwani inayoonekana kwa haraka ni ya seva za Opera. Mwanafunzi wa Kigoma anayesoma tangazo la mkopo wa masomo mwanzo hadi mwisho anaweza kuandikwa kama mtu aliyechungulia na kuondoka, tena akaandikwa nchi nyingine.

Niingie sasa kwenye kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote, na nitalieleza taratibu kwa sababu lina gharama kubwa. Kampuni inauza tiketi za basi mtandaoni. Abiria yuko Singida, anakwenda Dar es Salaam. Anafungua tovuti kwenye simu, anachagua siku, anachagua kiti cha dirishani, anaandika jina na namba ya simu, anabonyeza Lipa. Ukurasa unamwambia asubiri. Baada ya sekunde chache kisanduku kinatokea kwenye kioo cha simu: unalipa kiasi fulani kwa kampuni fulani, weka namba ya siri. Anaiweka. Ujumbe unaingia kutoka mtandao wake wa simu kuthibitisha kwamba fedha zimetoka. Unaingia wa pili wenye namba ya tiketi. Ameridhika. Anatia simu mfukoni, anakwenda kufunga mzigo.

Ule ukurasa wa tovuti umeishia wapi? Umebaki nyuma ukisubiri. Simu ikiwa na kumbukumbu ndogo, huenda imeshaufunga yenyewe ili kupisha mambo mengine. Ukurasa wa kusema asante kwa kununua haukufunguka, na msimbo wa kuhesabu mauzo umewekwa kwenye ukurasa huohuo. Fedha zimeingia, kiti kimeuzwa, basi litaondoka na abiria wake. Kwenye takwimu, mtu huyo amefika hadi kwenye malipo, akaghairi.

Abiria wa pili analipa kwa kadi. Anapelekwa kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, anaandika namba za kadi, akimaliza anarudishwa palepale kwenye tovuti, kwenye ukurasa wa asante. Huyo amehesabiwa. Hata yeye ana kasoro yake, kwa kuwa mfumo usipoelekezwa vizuri huandika kwamba ametokea kwenye tovuti ya kampuni ya malipo, na tangazo lililomleta likanyimwa haki yake. Lakini angalau yumo.

Meneja anafungua ripoti mwisho wa mwezi. Anaona wanaochagua kulipa kwa simu wengi wanaghairi, na wanaochagua kadi wananunua. Anaamua kitufe cha kadi kipandishwe juu na cha simu kishushwe. Anaamua matangazo yawafuate watu wa kadi. Anaajiri fundi wa kuunda upya ukurasa wa malipo ambao haukuwa na ubaya wowote. Amewapa kisogo wateja wake wengi, na kila uamuzi wake una ripoti ya kuutetea.

Tiba yake haihitaji fedha nyingi. Mtandao wa simu ukishathibitisha malipo, hutuma jibu kwa seva ya muuzaji. Bila jibu hilo tiketi isingetolewa. Mauzo yahesabiwe hapo, kwenye seva, si kwenye ukurasa wa asante. Namba ya muamala iambatane na kila hesabu, ili mtu akiufungua ukurasa mara mbili mauzo yasiwe mawili. Kisha kila wiki mtu mmoja akae na mhasibu, alinganishe jumla ya mfumo wa takwimu na fedha zilizoingia. Hazitalingana sawasawa, na hakuna haja ya kulingana sawasawa. Kinachotafutwa ni kujua pengo ni kubwa kiasi gani, na liko kwa wateja wa aina gani.

Kuna kosa la aina nyingine, ambapo mtu anaonekana vizuri kabisa, kisha anaondolewa wakati wa kugawanya. Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa muda wa miaka 2 wastani iliokuwa ikitoa wa muda wa kutazama video ulikuwa umezidishwa. Ilikuwa ikichukua jumla ya muda wote uliotazamwa na kuigawa kwa idadi ya waliotazama sekunde 3 au zaidi, badala ya kuigawa kwa wote walioanza. Tuseme watu 100 wameanza video, kwa pamoja wametazama sekunde 400, na 40 tu kati yao wamevuka sekunde 3. Wastani wa kweli ni sekunde 4. Ukigawa kwa 40, unapata sekunde 10. Kwa Facebook, iliripotiwa wakati ule kwamba wastani ulizidi kwa kati ya asilimia 60 na 80. Watangazaji walifungua kesi, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 40 kuimaliza. Na katika miaka hiyo vyumba vingi vya habari vya Marekani vilikuwa vikipunguza waandishi na kuajiri watu wa video. Kwa hiyo mtu akikuletea wastani, muulize kwanza amegawa kwa nani, ndipo umuulize ni ngapi.

Mengine nayapitia kwa haraka, kwa sababu yakishajulikana hayasumbui sana. Kiungo kinachobonyezwa ndani ya WhatsApp mara nyingi hufika bila kusema kimetoka wapi, nacho huandikwa kama mtu aliyeandika anwani ya tovuti mwenyewe. Kwa nchi ambazo kila ukoo, kila kikoba na kila darasa lina kikundi chake cha WhatsApp, hilo si jambo dogo. Weka alama ya chanzo mwishoni mwa kila kiungo unachokisambaza. Watumiaji wengi wa simu hutokea kwenye mtandao mpana kupitia milango michache ya kampuni ya simu, hivyo mtu wa Sumbawanga au Lindi huonekana yuko Dar es Salaam; usifunge wakala wa mkoani kwa ushahidi wa ramani hiyo. Tangu mwaka 2019 kivinjari cha Safari hufuta baada ya siku 7 vidakuzi vinavyowekwa na JavaScript, kwa hiyo mwenye iPhone anayerudi siku ya kumi anaandikwa mgeni mpya. Na wafanyakazi wako wenyewe, wanaofungua tovuti asubuhi hadi jioni, watolewe kwenye hesabu.

Saa inastahili maneno zaidi kidogo. Kila ripoti ina saa yake, na akaunti iliyofunguliwa bila kuangaliwa huenda imebaki na saa ya Los Angeles. Saa sita usiku ya huko ni saa nne asubuhi kwetu katika miezi ambayo Wamarekani wamesogeza saa zao mbele, na saa tano asubuhi katika miezi mingine. Maana yake Jumatatu ya ripoti inaanza Jumatatu saa nne. Biashara yote ya Jumatatu alfajiri na asubuhi, watu wanapokuwa kwenye daladala na simu mkononi, imeandikwa Jumapili. Mwenye duka anasema wateja wake wananunua sana Jumapili, anaweka mhudumu wa zamu ya Jumapili, na Jumatatu asubuhi simu za wateja zinaita bila kupokewa. Kisha Machi na Novemba, Marekani wakigeuza saa, mpaka wa siku unahama tena, na hakuna mtu Dodoma aliyegusa kitu.

Na kuna wasioonekana kwa hiari yao. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Kenya ilitunga ya kwake mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Mgeni wa Ujerumani anayetafuta hoteli Zanzibar ana haki ya kukataa kufuatiliwa, na akikataa, mfumo ulioundwa kwa heshima haumwandiki. Msitafute mbinu za kumwandika kwa siri. Mwenye hoteli anayeona Wajerumani wamepungua kwenye takwimu afungue kitabu cha wageni waliolala kwake. Huko watakuwemo kwa majina yao.

Nije kwenye majaribio, yale yanayoitwa majaribio ya A/B. Wageni hugawanywa kwa bahati nasibu. Nusu wanaona ukurasa wa zamani, nusu wanaona mpya, kisha tunalinganisha wanaonunua au wanaojiandikisha. Ni njia nzuri sana ya kujua ukweli, mradi mgawanyo uwe umebaki kuwa wa bahati nasibu mpaka mwisho. Kwa hiyo kabla hujaangalia nani ameshinda, angalia idadi ya watu. Uliagiza nusu kwa nusu, wamefika wageni 10,000, upande mmoja una 5,200 na mwingine 4,800. Wengi husema ni tofauti ya kawaida. Si ya kawaida. Bahati peke yake hutoa pengo la namna hiyo chini ya mara 1 katika majaribio 10,000. Kuna kitu kimewaondoa watu upande mmoja, na hadi ukijue, matokeo ya jaribio hayana thamani, hata yawe matamu vipi.

Hili si tatizo la wanaoanza tu. Watafiti wa Microsoft walieleza mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 6 ya majaribio yao yalikuwa na pengo hilo. Mfano mmoja waliousimulia ni wa tovuti ya MSN. Waliongeza kadi zinazozunguka kwenye ukurasa wa mbele kutoka 12 hadi 16, wakitarajia watu watazame zaidi. Takwimu zikasema watu wametazama kidogo. Idadi za pande mbili hazikulingana, wakachimba, wakakuta kwamba kadi zile mpya ziliwavutia mno wale wanaosoma sana, kiasi kwamba kichujio cha roboti kiliwadhania kuwa roboti na kuwatupa nje. Waliopenda zaidi ndio waliofutwa. Kichujio kiliporekebishwa, matokeo yakageuka.

Kwetu hatari kubwa iko kwenye jaribio la kumhamisha mgeni: ukurasa wa zamani uko kwenye anwani moja, mpya kwenye nyingine, na nusu ya wageni wanaofika kwenye ule wa zamani wanasukumwa kwenda mpya. Kwenye mtandao wa kasi, msukumo huo hauhisiwi. Kwenye mtandao wa kusuasua, kila safari ya ziada inamwacha mtu njiani. Wanaofika kwenye ukurasa mpya ni wale wenye simu nzuri na mtandao imara, na watu hao, kwa wastani, wana fedha zaidi za kununulia. Ukurasa mpya unatangazwa mshindi. Haukushinda, wenye mtandao dhaifu walitolewa upande wake kabla ya kuhesabiwa, na sasa unakwenda kuwekwa kwa watu wote.

Pia kuna kuchungulia. Kipimo cha kawaida cha asilimia 5 maana yake ni kwamba hata kurasa mbili zinazofanana kabisa zitatoa mshindi wa uongo katika majaribio 5 kati ya 100. Hiyo ni kama ukingoja mwisho uliopanga. Ukichungulia kila asubuhi na kusimamisha jaribio siku ya kwanza inayokupendeza, washindi wa uongo wanaongezeka mno. Panga muda kabla ya kuanza, uuheshimu. Na kabla ya jaribio la kweli, endesha jaribio la ukurasa mmoja dhidi ya ukurasa huohuo. Ukirudia na zana yako ikaendelea kukutolea mshindi, una tatizo la zana.

Tony Twyman, Mwingereza aliyefanya kazi ya kupima watazamaji wa televisheni, aliacha kanuni ambayo watu wa fani hii tunaifuata hadi leo: takwimu ikionekana ya kushangaza, kwa kawaida ina kosa. Naiamini kanuni hiyo, na ninaongeza upande wake wa pili, kwamba takwimu isiyoshangaza hukosea pia, ila hakuna anayeikagua. Wastani wa YouTube kabla ya Feather haukumshangaza mtu.

Mtaniuliza, nikiona namba nisiyoiamini, nianzie wapi? Mimi huanza na tarehe. Namba ilibadilika siku gani, na siku hiyo ni nani aligusa nini? Ofisi nyingi hazina kumbukumbu ya mabadiliko ya tovuti, na kazi ya asubuhi moja inageuka kuwa ya mwezi. Andikeni kila badiliko, hata la rangi ya kitufe. Kumbukeni pia mabadiliko ya zana yenyewe. Google ilisitisha toleo la zamani la Analytics tarehe 1 Julai 2023, na toleo la sasa linahesabu ziara na watu kwa tafsiri tofauti. Anayeunganisha mstari wa mwaka 2022 na wa mwaka 2024 kwenye mchoro mmoja analinganisha vitu viwili tofauti. Tena toleo hili huweza kuchukua saa 24 hadi 48 kukamilisha hesabu za siku, kwa hiyo msiipe hukumu siku ya jana.

Nikishajua tarehe, naigawa namba. Kwa kivinjari, kwa aina ya simu, kwa njia ya malipo, kwa mkoa, kwa saa. Kosa la kweli karibu kila mara linajificha kwenye fungu moja. Jumla inaonekana imeshuka kidogo, kumbe fungu moja limetoweka lote na mengine yako salama. Halafu naazima simu. Si yangu wala ya mkurugenzi. Naomba ya bei ndogo, ya mtu wa mapokezi au ya dereva, nafungua tovuti kwa bando la kawaida, huku mwenzangu akitazama ripoti ya papo kwa papo. Hapo utaona mengi ambayo kompyuta ya ofisini, iliyo karibu na ruta, haitakuonyesha kamwe.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba makosa haya hayana neno, mradi unatazama mwelekeo na si namba yenyewe. Ni hoja ya watu makini, na ina ukweli pale kosa linapobaki lilelile. Lakini halibaki. Wasioonekana wanaongezeka unapopanuka kwenda wilayani, unapoanza kupokea malipo kwa simu, ukurasa unapoongezewa picha nzito. Yaani mwelekeo unapotoka hasa wakati unapoanza kuwafikia watu wapya, na huo ndio wakati unapouhitaji mwelekeo huo zaidi.

Nina maombi, na nitayasema kwa ufupi. Walimu, msimpe mwanafunzi alama kamili kwa ripoti ya takwimu za tovuti isiyo na aya moja inayoeleza ni nani ambao kipimo hakikuweza kuwaona. Wakurugenzi, msifunge ofisi, msimwachishe mtu kazi, msifute huduma kwa namba ambayo haijalinganishwa na kitabu cha fedha au cha wageni. Na ninyi vijana mnaoandika msimbo, kesho mkifika kazini chukueni simu ya bei nafuu kuliko zote mtakayoipata, fungueni tovuti mnayoitunza, nunueni kitu hadi mwisho kwa kulipa kwa simu, kisha tazameni kama mmehesabiwa. Msipojiona humo, ripoti ya mwezi huu isipande kwa mkurugenzi kabla hamjaliandika hilo kwenye ukurasa wake wa kwanza.